Nati za Rangi ya Machungwa

Lori la Kirusi lilikuwa limekaa kitako katikati ya barabara, pale mtu anapoingia mtaa wa Buyenzi. Gurudumu lake la mbele lilikuwa limechomoka na kwenda zake hadi mlangoni kwa muuza mikate. Nyuma yake lilisimama lori la Kijerumani, zima kabisa, ila halikuwa na pa kupita. Nyuma ya hilo, askari wenye njaa walikuwa wanasukuma pikapu ya Kijapani. Na katikati ya msafara huo wote Commandant Herménégilde alikuwa ameshika nati moja kiganjani, anaitazama kama mtu aliyeonyeshwa jino bovu la mwanawe.

"Hii imetoka wapi?"

"Kwa Mujerumani, mon commandant," alisema sajini.

"Si uiweke kwa Murusi."

"Inakataa, mon commandant."

"Inakataa amri ya nani?"

Sajini akatazama viatu vyake. Nati nayo ikanyamaza.

Ng'ambo ya barabara alikuwepo Cirimwami, anakunywa chai ambayo alikuwa bado hajaamua nani atailipa. Aliposikia afisa mzima anagombana na nati, aliweka kikombe chini taratibu, akafuta viatu nyuma ya suruali, kiatu kimoja baada ya kingine, akakaza tai. Cirimwami huyu alikuwa na chumba kimoja Gihosha, lakini watu wa Gihosha walijua kwamba anaishi Kibenga kwa matajiri, na watu wa Kibenga walijua kwamba yuko Ulaya. Alishakuwa mnunuzi wa kahawa, mjumbe wa askofu, na binamu wa waziri, waziri yeyote aliyekuwepo wiki hiyo. Siku ile, kabla hajamaliza kuvuka barabara, alikuwa injenia.

Msomaji asiyeyaona mambo yale aelezwe kidogo. Ulikuwa mwaka wa vita, na wa vikwazo vya majirani. Mipaka ilifungwa, petroli ikauzwa kwa chupa, na kila kitu kuanzia sukari hadi sindano kilipitia mlango wa nyuma, na mlango wa nyuma ulikuwa na wenyewe. Brigade ya Misafara, kikosi cha huyo Commandant, iliundwa ili isindikize malori ya chakula kupanda mlima kwenda Bugarama na Kayanza, barabara ambako risasi zilitoka msituni bila kubisha hodi. Magari yake mengi yalikuwa zawadi. Kila nchi iliyotupenda mwaka fulani ilituletea magari ya mapenzi yake, na ilipotuchoka ikatukatia vipuri. Wengine wetu tunayakumbuka mapenzi hayo moja moja, maana ndisi tulioyalipia. Magari yaliyobaki hayakuwa zawadi. Yalichukuliwa kwa wafanyabiashara, barabarani, bunduki ikiwa imeinamishwa kwa adabu, kwa ahadi ya kurudishwa "baada ya operesheni". Mwenye lori alipouliza operesheni inaisha lini, aliulizwa kabila lake.

"Mon commandant, niwie radhi," Cirimwami alisema. "Ugonjwa wa hii jeshi yako mi naujua jina."

"We nani?"

"Injenia Cirimwami. Nilisomea Liège."

Hakuwahi kuvuka hata mto Ruzizi, hapo mpakani. Lakini alilitamka jina la Liège kwa uchovu, kama mtu anayekumbuka baridi ya kule.

"Huo ugonjwa unaitwaje?"

"Kukosa standardisation."

Commandant akalionja neno mdomoni. Lilikuwa refu, la Kifaransa, na lilionekana kuwa na bajeti ndani yake.

"Nati moja kwa magari yote," Cirimwami akaendelea. "Dinamo moja. Filta moja. Ikiharibika kwa Murusi, unatoa kwa Muchina, safari inaendelea. Majeshi yote ya maana iko hivyo."

"Na vikwazo? Pièce, vipuri vyenyewe, zitapita wapi?"

"Ziwani. Usiniulize kwa nani." Akasogea karibu, akashusha sauti. "Na bei, mon commandant, utaniambia wewe mwenyewe unataka tuandike ngapi."

Commandant aliitazama ile nati tena, na safari hii aliiona ni nzuri. Alimwambia injenia apande gari waende ofisini. Injenia akauliza gari lipi. Wakaenda kwa miguu.

Sasa mtu anaweza kuuza maneno kwa siku kadhaa, lakini mwishowe jeshi linataka kushika chuma. Kwa chuma, Cirimwami alikwenda kwa Zubeda. Duka la Zubeda lilikuwa katikati ya gereji za Buyenzi, na watu wa Gihosha walipenda kusema kwamba ukiibiwa taa ya gari usisumbue polisi, nenda kwa Zubeda uikomboe, atakupunguzia bei kwa kuwa ni mali yako. Zubeda mwenyewe aliwajibu kwamba angekuwa mwizi angejenga na yeye Kibenga.

Alimsikiliza Cirimwami mpaka mwisho huku anapanga beringi juu ya meza. Mpango ulikuwa hivi: magari yangeletwa gereji, mafundi wafungue nati, dinamo, filta na pampu, wazioshe kwa petroli, wazipake rangi moja zote, kisha warudishe kila kitu kwenye gari lake. "Na kila kitu kitaingia vizuri sana," Cirimwami alimaliza, "maana kitakuwa kimerudi nyumbani."

"Kwa hiyo unauzia jeshi mali yake."

"Da Zubeda, jeshi inauziwa mali yake kila siku. Mi peke yangu njo nitaipaka rangi kwanza."

Radjabu, fundi mkuu na mdogo wa marehemu mume wa Zubeda, alicheka akiwa chini ya gari. Zubeda hakucheka.

"Franga zako sizitaki," alisema. "Mi nataka kamiyo yangu. Ile Benzi ya blu."

Cirimwami aliijua Benzi hiyo, lori la mizigo. Mji mzima uliijua. Brigade iliichukua ikiwa na mzigo wa chumvi, na wakati huo haikusindikiza msafara wowote. Ilikuwa inabeba mchanga wa nyumba ya Commandant Herménégilde kule Kibenga.

"Inapita hapa kila asubuhi," Zubeda alisema. "Mi naisikia kabla ya kuiona. Wanaipandisha gia ya pili na nguvu, inalia. Nyumba yake ikiisha, na kamiyo itakuwa imeisha. Bila ile kamiyo mi ni mujane anayeuza nati. Nikiwa nayo ni mufanyabiashara. Umesikia?"

"Nimesikia. Itarudi hapa. Naapa."

"Kwa nani?"

"Kwa mama yangu."

"Mama yako anajua kazi unayofanya?"

"Anajua mi ni injenia."

Kazi ikaanza. Magari yaliingia gereji kwa zamu, na ili Mrusi asije akapewa viungo vya Mchina, mafundi walifunga kila kipande kwa utepe wa kitenge: maua mekundu kwa huyu, ndege wa kijani kwa yule, mpaka sakafu ya gereji ikafanana na harusi. Rangi ilipatikana ya machungwa, kopo kubwa lililobaki baada ya kupaka geti la kiwanda kilichokufa. Cirimwami alizunguka humo na koti jeupe, mikono mgongoni. Mara moja moja aliokota kitu, akakinusa na kukirudisha chini. Mafundi walimwita Daktari wakati hayupo.

Siku ya kukabidhi, magari yalipangwa uwanjani kambini, nati zake zinang'aa kama pipi. Injini ziliwashwa zote. Vipuri vile havikuwa vimewahi kuoshwa tangu vishuke melini, kwa hiyo magari yalinguruma kwa afya ambayo hakuna askari aliyewahi kuisikia. Wakapiga makofi. Commandant akainua mkono, kukawa kimya.

"Sasa toa nati kwa Muchina," alisema, "uweke kwa Mufaransa. Nataka kuiona hiyo standardisation na macho."

Radjabu aligeuka akaanza kutafuta kitu ambacho hakikuwepo kwenye sanduku la spana. Cirimwami hakutikisika. Alimtazama Commandant kwa huruma kidogo.

"Rodage imeisha, mon commandant?"

"Rodage gani?"

"Injini mpya haifanyi rodage?"

"Inafanya," alisema Commandant, kwa sababu kila mtu aliyewahi kukaa karibu na gari anajua kwamba chuma kipya huzoeshwa kazi polepole kabla ya kupewa kazi kamili.

"Basi na hizi zinazoea. Nati inajua kwanza mahali pake, halafu njo inajua mahali pa wengine. Ukiitoa leo unaiharibu. Bila shaka uliyajua hayo."

Kuna mambo mengi afisa anaweza kuyavumilia, lakini kuonekana hajui mbele ya watu anaowaamuru si mojawapo. Commandant alikunjua uso kama mtu aliyeridhika.

"Nilikuwa nakupima," alisema.

Baada ya hapo Cirimwami angeweza kuuza hata uwanja wenyewe. Alichukua kopo la rangi nyeupe, akapita kwenye magari mabovu akiyapiga alama ya X mlangoni. Yenye X yalikuwa hors standard, yaani hayafanani na mengine na hayatafanana. Yafutwe, yatoke kambini kama vyuma chakavu. Alipofika kwenye Benzi ya blu, Commandant alimshika mkono.

"Hiyo apana. Hiyo ina kazi."

"Mon commandant, wakubwa watakuja kuona hii standardisation. Wakute kamiyo ya raia imejaa muchanga wa Kibenga?"

Commandant akafikiria. Nyumba ilikuwa imeshaezekwa kwa vigae. Mchanga haukuhitajika tena, na kwa maoni yake lori lisilohitajika halikuwa na mwenyewe.

"Nipe mimi, iwe sehemu ya malipo yangu," Cirimwami alisema polepole. "Iko na mutu wa Uvira, ng'ambo ya mupaka, anaichukua Jumatatu asubuhi. Haitaonekana tena mu hii mji."

"Piga X," alisema Commandant.

Yote hayo yalisemwa kando ya lori la Kichina. Chini ya lori la Kichina, akiwa anakaza nati ya mwisho, alikuwepo Radjabu.

Benzi ilivutwa kwa kamba hadi uani kwa Zubeda, maana gia zake zilikuwa zimefunguliwa kutengenezwa na bado zimelala huko gereji. Cirimwami alifika nayo akiwa amekaa kwenye usukani kama bwana harusi.

"Da Zubeda, si nilikuambia? Hii hapa. Ila usiitembeze bado, karatasi hazijatoka. Radjabu airudishie gia, Jumatatu asubuhi nakuja tunamaliza."

"Asante, Injenia. Kunywa chai."

Alikunywa, yenye tangawizi, akaomba na sambusa. Alipoondoka Radjabu akafungua mdomo.

"Shemeji, anaiuza."

"Najua."

"Nani amekuambia?"

"Mutu akikurudishia kitu chako, anataka umushukuru mbele ya watu. Huyu anataka ninyamaze."

"Twende kwa wakubwa basi."

"Wakubwa gani, Radjabu? Wakubwa si njo walioichukua?" Akasimama, akajitanda mtandio. "Usirudishe gia. Mi nakwenda kambini mara moja."

Commandant alimpokea kwa tahadhari, kama mwenye nyumba anavyompokea mjane ambaye lori lake ndilo lililoijenga nyumba hiyo. Zubeda hakutaja lori.

"Mon commandant, nimekuja kwa ajili ya Injenia. Yeye ana aibu, hawezi kujisemea."

"Aibu ya nini?"

"Ya kuomba kiti. Kwetu Buyenzi gari ikitoka gereji, fundi hatoki ndani. Anakaa mbele na mwenye gari, anasikiliza. Ikilia kidogo, yeye anajua ni wapi. Sasa gari zako zote ziko ku rodage, na Jumatatu zinapanda Kayanza. Injenia anatamani kwenda nazo, ila anaogopa utasema raia anajipendekeza."

Na hapa Zubeda hakusema uongo hata kidogo. Gereji zote za Buyenzi zilikuwa hivyo, na mteja aliyeondoka bila fundi pembeni alionekana mjinga. Ila tangu vita ianze, mafundi walikuwa wakipenda kusikiliza magari yanayoishia sokoni. Injenia hakuijua desturi hiyo kwa sababu katika maisha yake hakuwahi kulipeleka gari gereji. Hakuwahi kuwa na gari.

"Anaogopa bure," alisema Commandant. Tayari alikuwa ameona jambo ambalo Zubeda hakuhitaji kulitaja: malori yakikwama msituni, patakuwa na mtu wa kulaumiwa, tena karibu. "Nitamupa kiti cha mbele. Lori ya kwanza kabisa."

"Mungu akuzidishie," alisema Zubeda.

Jumatatu asubuhi Cirimwami alikuja Buyenzi na mtu wake wa Uvira, wanazungumza na kucheka. Walipokata kona, barabara ilikuwa imejaa Brigade. Msafara mzima ulikuwa umesimama mbele ya gereji, nati za machungwa zikiwaka kwa jua. Mtu wa Uvira alikumbuka kwamba ana shughuli mahali pengine, akaikimbilia.

"Injenia," alisema Commandant, "ni wewe tunangoja. Panda."

"Kwenda wapi?"

"Kayanza. Huyu mama ametuelezea desturi yenu. Kwa nini ulinificha?"

Cirimwami alitazama mlangoni. Zubeda alikuwa amesimama pale ameshika chupa ya chai.

"Mon commandant, leo tumbo linaniuma."

"Tuna muganga kwa msafara."

"Na mu ile barabara mi nashikwa na kizunguzungu."

"Utafunga macho. Kazi yako ni masikio."

"Mama yangu mugonjwa."

"Muke wangu alimuona jana kanisani. Anaimba."

Askari walikuwa wameanza kutabasamu. Ndipo Cirimwami, pengine kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, akaamua kusema kweli. Alimvuta Commandant kando.

"Zile pièce ni zako. Ni zile zile za zamani. Tulizipaka rangi tu, tukazirudisha. Ukweli wa Mungu."

Kichwani mwa Commandant mambo yalipita moja baada ya jingine: ripoti iliyopanda kwa wakubwa, bei aliyoiandika mwenyewe, sehemu ya bei hiyo iliyogeuka vigae. Kama vipuri vipya havikuwepo, basi kuna mtu alivinunua na havikuwepo, na mtu huyo alikuwa na sahihi na cheo.

"Injenia," alisema kwa sauti ya kusikika hadi gari la mwisho, "mizaha yako tutaisikia vizuri njiani." Kisha akainama sikioni. "Sha, rafiki yangu, mi nilikuwa na mashaka toka siku ya rodage. Ukilisema tena hilo neno, utapanda mulima mbele ya lori, na miguu."

Askari wawili walimpakia. Zubeda alimpa chupa ya chai dirishani.

"Da Zubeda, waambie," Cirimwami alinong'ona. "Waambie unachojua."

"Mi najua nini? Nauza nati."

Msafara ukaondoka. Kwenye kona za juu, kabla ya Bugarama, msitu ulijibu kama kawaida yake, risasi chache zikigonga boneti. Cirimwami alijitupa chini miguuni kwa dereva, sikio limebanwa kwenye bati, akabaki hapo mpaka vilima vikaisha. Dereva alisimulia baadaye kwa heshima kubwa: risasi zinapita, na Injenia anasikiliza gia. Na kwa kuwa mafundi wa Buyenzi walikuwa wamekaza kila nati kwa mikono yao, wakiwa wanajua kwamba ni watoto wao wanaokaa mle nyuma na bunduki, hakuna gari lililokwama. Msafara ulifika Kayanza mzima, jambo ambalo halikuwa limetokea tangu Brigade iundwe.

Wakubwa walifurahi mno. Commandant Herménégilde walimvika nishani. Injenia walimvika kofia ya chuma, wakaamuru kwamba mtu mwenye elimu kama hiyo asitenganishwe na msafara hata safari moja. Nishani ilipelekwa Kibenga ikatundikwa sebuleni. Wale watoto wa mafundi, na wale vijana waliosukuma pikapu, hawakutundikwa popote, na mimi sijaona ukuta wenye majina yao.

Benzi ilirudishiwa gia mchana wa Jumatatu ile ile, msafara ulipopotea tu kwenye kona. Hakuna aliyeidai. Commandant hakuweza kuidai, kwa maana yeye mwenyewe alikuwa amethibitisha kwamba ni chuma chakavu, na ingemlazimu aeleze ilichakaa ikibeba nini. Radjabu aliipaka rangi ya kijani, akabadilisha milango.

Baada ya Idi, malori ya raia yalipanga mstari kaskazini mwa mji, nyuma ya Brigade, kungoja kusindikizwa. Mojawapo lilikuwa la kijani, Radjabu kwenye usukani, chumvi imepakiwa hadi juu na kufunikwa turubai. Zubeda alishuka, akatembea taratibu kwenda mbele kabisa, kwenye lori la Kirusi. Kofia ya chuma ilikuwa imemshuka Cirimwami hadi kwenye nyusi. Alikuwa amekonda, na askari walikuwa wamemzoea kiasi cha kumtuma sigara.

"Da Zubeda," alisema. "Ile kamiyo ya nyuma, ya kijani. Naijua ile sauti."

"Wewe una masikio mazuri. Kila mutu anasema."

"Nipe nafasi humo. Hata juu ya turubai. Nitashuka Bugarama, sitaonekana tena."

"Juu ya turubai watakupiga risasi."

"Na hapa?"

"Na hapa unalinda." Zubeda alimsogezea kofia ya chuma vizuri, kama mama anayempeleka mtoto shule. "Tazama mbele, baba. Leo nina mali nyuma yako."

Filimbi ikapigwa. Zubeda alirudi kwenye lori lake bila haraka, kwa sababu alijua kwamba msafara hauwezi kuondoka kabla Injenia hajawaambia kuwa injini zinalia vizuri.